Natafuta Jirani Ambaye Hayuko Tayari

Kwa Mhariri,
Gazeti letu la kila Alhamisi,
Tilden Creek, Iowa.

Mheshimiwa Mhariri,

Natumaini barua hii itakufikia kabla theluji haijafunga tena barabara ya kaskazini. Mimi ni Vernon Tjaden, mkulima mstaafu wa mahindi na nguruwe, umri miaka sabini na mmoja. Gazeti hili nalisoma tangu lilipokuwa la baba yako, na sijawahi kuliandikia kulalamika, ukiondoa ile picha ya boga langu ambalo mliandika kuwa ni la Dwayne Pohlman. Hilo nilisamehe. Hili la sasa limenishinda, na malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili usije ukaruka moja.

1. Mwezi uliopita binti mmoja wa kampuni ya kura za maoni alinipigia simu mchana, nikiwa mezani. Akaniuliza kama niko tayari kumchagua mwanamke mwenye sifa awe rais wa nchi. Nikamweleza kwamba nimelelewa na mwanamke, nimeoa mwanamke, ng'ombe wangu hutibiwa na mwanamke, na daktari aliyenipasua goti ni mwanamke, kwa hiyo niko tayari kabisa. Akaniuliza: je, majirani zako nao wako tayari? Nikacheka kidogo. "Binti yangu," nikamwambia, "hawa ninaoishi nao? Bado sana."

Alhamisi iliyofuata ukachapa matokeo ukurasa wa kwanza. Watu tisa kati ya kumi katika wilaya yetu wako tayari. Na watu saba kati ya kumi wanasema majirani zao hawako tayari. Nilisoma mara mbili, nikampa mke wangu Loretta. Akavua miwani, akauliza, "Sasa hao majirani wanaishi wapi?"

2. Mhariri, mimi nina jirani mmoja. Mashariki kwangu ni mashamba hadi macho yanapokoma, magharibi ni Dwayne Pohlman. Pohlman naye alipigiwa simu, na Pohlman naye ana jirani mmoja. Hesabu hiyo haikuhitaji mtu aliyesoma sana. Nilivaa buti nikaenda kwake, nikamkuta anatia majani kwenye hori.

"Dwayne, umewaambia watu kwamba jirani yako hayuko tayari?"

"Nilisema majirani. Kwa wingi."

"Wingi gani, bwana, na tuko wawili tu?"

Akamwangalia ng'ombe kwa muda, kana kwamba ng'ombe ndiye aliyeulizwa. "Vern, mimi yule mama anayegombea namkubali. Nilikuwa nawasema watu wa mjini. Si unawajua walivyo."

Nilikubali, maana hata mimi nilipozungumza na yule binti nilikuwa nawasema watu wa mjini.

3. Kwa hiyo nikaenda mjini, kumtafuta huyo mtu ana kwa ana. Connie Ubben wa mgahawani, akinimiminia kahawa, alisema tatizo ni wakulima wazee. "Usiudhike, Vern, wewe hujazeeka kiasi hicho." Wanaume wa ghala la nafaka walisema tatizo ni akina mama wa kanisani. "Wanawake wenyewe kwa wenyewe hawapendani, Vern, hilo linajulikana." Nikawafuata akina mama wa kanisani, nikawakuta wanamenya viazi vya chakula cha msiba. Walisema tatizo ni wanaume wa ghala la nafaka. Bibi Hilda Frerichs, mwenye miaka themanini na minane, hata kisu hakukiweka chini. "Mimi niko tayari tangu nizaliwe, mwanangu. Lakini nchi ni kubwa, na huko mbele kuna watu wa ajabu."

Siku hiyo nilizungumza na watu arobaini na watatu, na wote arobaini na watatu wako tayari. Sijapata kuona mji ulio tayari kiasi hiki kwa jambo usilokusudia kulifanya.

4. Nalalamika pia kuhusu sababu wanazotoa watu. Gavana Ruth Ellingson, anayewania urais, alikuja hapa Desemba. Alizungumza saa nzima bila karatasi, na nilipomuuliza habari za homa ya nguruwe alinijibu mpaka nikatamani ningekuwa na kalamu. Tulipotoka nje hakuna aliyesema neno baya juu yake. Walisema tu yatakayosemwa na wengine. Wengine watasema sauti yake ni kali. Wengine watasema anacheka mno. Mke wa mchungaji alisema koti lilikuwa zuri sana, na kwamba wengine hawatalipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata akaja mpinzani wake, Seneta Brock Haverty. Alichelewa saa mbili, akatusalimu kwa jina la jimbo la jirani, kisha akasifu mahindi yetu huku ameshika soya. Pohlman alikuwa karibu kutokwa na machozi. "Huyu ni mtu wa kawaida kama sisi," akasema. Hakuna aliyejiuliza wengine watasemaje.

5. Nimefika penye uchungu wenyewe. Jumatatu jioni tulikutana kwenye ukumbi wa michezo wa shule kuchagua mgombea wa chama. Hapa kwetu hatutumii karatasi za kura siku hiyo. Kila mtu anakwenda kusimama kwenye kona ya mgombea wake, mbele ya macho ya wote, anahesabiwa kama ng'ombe mnadani. Tulikuwa watu mia na arobaini. Kona isiyofikisha watu ishirini na mmoja huvunjwa.

Kona ya Gavana Ellingson aliisimamia mke wangu. Wiki tatu Loretta alikuwa akigonga milango kwenye baridi ya kukausha mate. Alipika supu ya maharage na nyama, akaoka mikate ya mdalasini trei nne, akaandika bango kwa mkono wake. Nyumba thelathini na sita zilimwambia kwa midomo yao kwamba ziko naye.

Wakahesabiwa ishirini.

Wakahesabiwa tena, kwa sababu Loretta aliomba kwa adabu. Ishirini. Alizungusha macho ukumbi mzima akitafuta mtu mmoja, mmoja tu, na watu waliokuwa wakinywa supu yake wakaanza kutazama viatu vyao. Kona ikavunjwa. Akalikunja lile bango, akawapelekea watu wa Haverty mikate iliyobaki ili isiharibike. Mmoja wao akamwambia huku anatafuna, "Mama Loretta, kwa kweli mgombea wenu ndiye bora. Ni vile tu watu hawako tayari."

"Chukua na leso," Loretta akamjibu.

Tulirudi nyumbani maili kumi na moja, bango limekunjwa mapajani mwake. Tangu siku hiyo ananiambia tafadhali na asante. Tumeoana miaka arobaini na sita, Mhariri, na adabu hiyo sijaizoea. Juzi aliniuliza kama ningependa chumvi. Nilikosa usingizi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, chapa jina na picha ya huyu jirani ambaye hayuko tayari, ili tumfahamu. Pili, kama jina halipatikani, wilaya imwandikishe, kwa kuwa yeye peke yake ana nguvu kuliko sisi mia na arobaini. Anatuchagulia viongozi, basi na zamu ya zimamoto na kuondoa theluji mbele ya kanisa zimhusu. Tatu, kama itathibitika kwamba hayupo na hajawahi kuwapo, basi tumzike kwa heshima zote. Mimi nitatoa nafasi pembeni ya shamba langu, Bibi Frerichs atamenya viazi, na Pohlman atasema maneno machache, maana inaelekea alimjua vizuri. Baada ya hapo tuweze kuchagua tukiwa peke yetu.

Nisalimie mama yako, na fundi wa mitambo, na yule kijana wenu wa picha, mwambie boga lilikuwa langu. Majirani wote nawasalimu, walio tayari na walio tayari zaidi.

Wako mtiifu na mwenye kusikitika,

Vernon H. Tjaden

Baada ya kuandika: Loretta ameisoma barua hii kabla sijabandika stempu. Hakusahihisha kitu. Aliuliza tu, "Na wewe ulisimama kona gani, Vern?" ingawa aliniona, maana ukumbi ule si mkubwa. Nikamjibu kwamba anajua. Akasema, "Basi andika na hilo." Ndilo hili naandika. Nilisimama kwa Seneta Haverty. Mimi binafsi sina tatizo lolote na mwanamke, kama nilivyoeleza katika namba moja. Lakini nilimwona Dwayne Pohlman amenyanyuka na koti lake kuelekea kule, nikajua ndiyo basi, watu hawako tayari, sikuona sababu ya kuitupa kura yangu. Asubuhi ya leo nimekwenda kumuuliza kwa nini alinyanyuka. Anasema aliniona mimi natafuta kofia, akadhani naelekea kule.

Ukiichapa, tafadhali ondoa jina langu. Kwangu si kitu, ila unawajua watu wa hapa.