Tumbo la Tanga

Jumatatu, 3 Machi

Baba katangaza wakati wa chai: magoti yake yamechoka, hawezi tena kushona matanga ya mashua. Jumamosi mimi na Dada tutakata tanga dogo kila mmoja. Atakayepatia ndiye atapewa mkasi wa babu na karakana yote. Dada akaniuliza kama najua mkasi unashikwa upande gani. Nina cheti cha kidato cha nne.

Jumanne, 4 Machi

Uchunguzi umeanza. Kwa nini matanga ya Baba huvuta, na ya mafundi wengine hupigapiga tu kama shuka kwenye kamba? Nilitega sikio mlangoni. Baba alikuwa akimwambia Dada kwamba siri yote ni tumbo. Ukingo ukikatwa umenyooka, tanga halishiki upepo. Tumbo lake, akasema, kalirithi kwa babu!

Nikachungulia. Baba kalala kifudifudi juu ya kitambaa, chaki mkononi.

Kumbe! Anajichora!

Jumatano, 5 Machi

Tumbo langu: sentimita 71. La Baba, kwa kukadiria: 110. Nimekula sahani tatu za viazi. Mama kauliza kama nina minyoo. Nikasema ni kazi. Akasema kazi hiyo kaiona kwa wajomba zangu wote.

Nimeokota ufito mwembamba karakanani. Unafaa sana kuanikia suruali.

Ijumaa, 7 Machi

73! Kifungo kimoja kimeng'oka. Dada kaingia bila hodi, kaona ufito, kazitupa suruali zangu kitandani, kaondoka nao huku akiniita mwizi. Mtu mzima anagombania kijiti!

Jumamosi, 8 Machi

Nilijilaza kwenye kitambaa, nikajizungushia chaki, nikakata. Dada akaupinda ule ufito sakafuni na kuufuatisha kwa chaki. Nilimhurumia.

Tukayapandisha matanga yetu uani. La Dada likajaa upepo taratibu, juu hadi chini. Langu likatoa nundu moja katikati. Baba akauliza lina mimba ya miezi mingapi. Alipomaliza kucheka akafuta machozi, akanieleza: tumbo la tanga ni ukingo unaochorwa kwa kuupinda ule ufito, ambao babu aliuchonga mwenyewe.

Mkasi kapewa Dada.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari kwa kina. Kijiti! Hadithi ya kumpumbaza mtu asiyesoma. Kosa nimeligundua: sentimita 73 hazitoshi.

Leo sahani nne. Nimemwomba Dada anirudishie ufito wangu. Suruali bado mbichi.