Gita la Bati la Mama Mideva

Sylvance alikuwa amekwenda Makongeni kumfariji mjane, maana chai ya matanga haina mwenyewe. Yeye hakumjua marehemu hata kwa jina. Alipokuwa kwenye kikombe cha pili, akaliona gita limetundikwa ukutani: mwili wa chuma kitupu, na tumboni kifuniko chenye matundu kama chujio. Moyo ukamruka. Bedan wa Komarock, fundi wa kupiga gita, alikuwa akilitafuta gita la namna hiyo miaka na mikaka, na aliapa kulinunua kwa bei ya pikipiki.

Waombolezaji walipopungua, akamsogelea mjane, Mama Mideva.

“Mama, hili gita lilikuwa la nani?”

“La mzee wangu. Alilipata akifanya kazi reli, enzi za dansi, kabla hizi spika hazijaingia. Alikuwa analilaza mapajani, anatelezesha shingo ya chupa juu ya nyuzi. Lilikuwa linalia mpaka watu wa nyumba za kule mwisho wanalisikia, na hakuna stima!”

Sylvance akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

“Basi ndilo hilo. Ndani kuna bati limefinyangwa kama faneli. Ndilo linalopaza sauti. Bati la zamani hilo, Mama, lina sumu. Anayelipiga, kifua kinaisha. Marehemu hakukohoa?”

“Alikohoa, mwanangu. Sana.”

Mzee wa miaka themanini, tena mvuta kiko, angekosaje kukohoa?

“Usijali. Kesho nitakuletea gita langu la stima na spika yake, mumwimbie Mungu nalo kanisani. Hili nitalibeba mimi, nikalitupe mbali na watu.”

Mama Mideva alilia, akamwombea mpaka mkono aliomshika ukafa ganzi. Kwa kweli lile gita la stima ndilo lililokuwa ugali wa Sylvance. Bila hilo hakuna harusi ya kupigia, na bila harusi mwenye nyumba wake angeweka kufuli mlangoni. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Siku ya pili, alipoleta gita lake na spika, alilikuta gita la bati limeshafungwa kwenye gunia, kamba juu chini. Vidole vilimwasha kulifungua. Lakini mtu anaogopaje sumu huku akiipapasa? Akalibeba kwa mkono ulionyooshwa, uso ameukunja, hadi alipopita kona. Hapo akalikumbatia, akalibusu juu ya gunia, akashika njia ya Komarock.

“Niaje, Bedan? Mali imefika.”

Bedan alifungua gunia, akakuta nyuzi zimelala ovyo. Akalegeza skrubu za kile kifuniko, akachungulia, akaingiza mkono, akautoa mtupu.

“Koni iko wapi?”

“Koni gani?”

“Sylvance, usinicheze. Nyuzi zinatingisha daraja, daraja limekalia koni, koni ndiyo inaimba. Bila koni hii ni debe. Enda utie mahindi.”

Sylvance alirudi Makongeni mbio. Kabla hajafika mlangoni, alilisikia gita lake mwenyewe likipigwa ndani; kwaya ya akina mama ilikuwa imeshalizoea. Mama Mideva akatoka na furaha tele.

“Mama, lile bati la ndani liko wapi?”

“Si nililitoa? Usiku sikulala. Nikajiuliza, huyu kijana ananipa mali yake, halafu mimi nimpe sumu ya kifua? Wewe ni mtoto wa mtu! Nikamwita jirani, akafungua skrubu. Asubuhi akapita yule wa mali kwa mali, anayebadilisha vyombo vya zamani, nikampa. Amesema wataliyeyusha watengeneze sufuria. Moto huua sumu yote.”

Sylvance alifungua mdomo kusema kwamba hapakuwa na sumu. Nyuma ya Mama Mideva kwaya ilikuwa imenyamaza, akina mama wenye mikono iliyozoea kusonga ugali wa watu mia, wakimtazama kwa upendo. Akaufunga.

“Ngoja kwanza,” Mama Mideva akasema, “sikula peke yangu.” Akaingia ndani, akarudi na beseni jipya la plastiki, la buluu. “Hii ndiyo alinipa. Bati lilikuwa lako. Chukua, mwanangu, haki ya mtu hailiwi.”

Sylvance akalipokea kwa mikono miwili, na kwaya nzima ikampigia makofi.