Kitanda Hakikai Mlangoni

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Adui amenitangulia. Ishmael wa Kawangware, fundi wa vitanda kama mimi (kama mimi! vitanda vyake vinalia ukijigeuza), ana websaiti. Amepita karakana yangu hapa Silanga akisingizia anatafuta mbao. Hakutafuta mbao yoyote. Alitaka niulize.

Nikauliza. Saiti hiyo iko upande gani? Saiti za ujenzi nazijua. Nimefunga milango kwenye saiti nyingi hii Nairobi kuliko nywele alizobaki nazo. Na kama ni saiti ya Webu, basi ni Webuye, na Webuye ni kwetu. Nikamwambia haiwezekani kazi ya Webuye ipewe mtu wa Kawangware na mimi nimekaa hapa na randa mkononi.

Alicheka mpaka akashikilia msumeno wangu asianguke. Ati haiko Webuye. Iko ndani ya komputa. Ati dunia nzima inamwona hata akiwa amelala. Nikamjibu kwamba mtu anayetazamwa na dunia nzima akiwa amelala ni mgonjwa au ni maiti.

 Lakini jioni Nasike, mke wangu, ameuliza tena kama nimepata oda. Tangu Pasaka nimeuza kitanda kimoja, na hicho alichukua shemeji. Nasike amesema Agosti ikiisha hivi hivi, tunafunga karakana na kurudi nyumbani Misikhu, kando ya Webuye. Na boma la Misikhu siku hizi lina Wanzala. Mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika randa, naye akaishika kinyume mpaka leo. Eti mimi, Murunga, nikakae chini ya Wanzala nikimpigia misumari.

Afadhali nile maranda.

Jumanne, 3 Agosti

Habari kubwa. Nasike huuza mboga langoni Nyayo Highrise, yale maghorofa yaliyo juu ya Silanga yetu. Kuna mteja wake anayeishi humo, mama mmoja wa ofisi, anaitwa Mildred. Anafungua hosteli ya wasichana huko Kawangware na anatafuta fundi wa vitanda. Vitanda vya nyumba nzima! Ati ofisini kwao siku hizi fundi anatafutwa kwa komputa.

Nasike akasema kesho Mildred akija kuchukua sukuma, atamwambia fundi ni mume wake, yuko hapo chini tu, amfuate.

Nimemkataza kabisa. Fundi wa kiwango changu hatangazwi pamoja na sukuma wiki. Nitatangazwa na komputa kama watu.

Nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi nikaenda Kawangware. Anayetengeneza hizo websaiti ni Wangeci, binti wa Ishmael mwenyewe. Hakuna mwingine karibu, ningefanyaje. Ana komputa chumba cha mbele na waya wa simu umeingia ndani yake. Tumepatana: yeye anipe websaiti, mimi nimpe meza ya hiyo komputa, maana ameiweka juu ya kreti za soda.

Msichana ana adabu. Alinipa chai. Kisha akauliza, "Mzee, mgeni akifika kwa websaiti yako, atakuwa anatafuta nini?"

Swali la mtego. Nikamwambia, "Mgeni hatafuti. Mgeni anakaribishwa."

Akaandika hilo mahali. Nadhani limemgusa.

Jumatano, 4 Agosti

Leo nimejua komputa ina heshima. Ukurasa wa kwanza unaitwa hom peji. Yaani ukurasa wa nyumbani. Sikutarajia Wazungu wafikirie hivyo.

Sasa nyumbani ni wapi? Silanga nina nyumba. Nyumbani ni Misikhu, kitovu changu kilikozikwa. Nikamsomea Wangeci yaliyofaa: boma letu, ukoo wetu mpaka kwa babu wa babu, kaburi la baba, ng'ombe kwa majina yao. Na njia. Kwa sababu njia ya kwetu inagawanyika baada ya soko na wageni hupotelea kwa mwalimu. Shuka Misikhu, acha kanisa mkono wa kushoto, lango la mabati ya buluu, uliza kwa Murunga.

Wangeci alisubiri nimalize. Akasema wageni wa websaiti hawana subira, wanataka mambo matatu: unauza nini, uko wapi, watakupataje. Akanionyesha ya baba yake. Picha ya kitanda. "Vitanda imara." Kawangware, nyuma ya soko, namba ya simu. Basi. Kama telegramu ya tanzia.

Hapo nikaona mpango wote. Ishmael ni mfupi, basi anataka na mimi nifupishwe. Nikakataa kila alichopendekeza. Akisema fupi, mimi ndefu. Akisema weka Silanga, mimi nasema Silanga yote inanijua, atakayetaka aulize.

Mwisho akaomba jambo moja tu: picha ya kitanda iwe mbele. Nikamwangalia kwa huruma. Kwenu mgeni akigonga mlango anaonyeshwa kitanda? Mgeni anaingia uani. Anakaa sebuleni. Anapewa maji, anasalimiwa, anaulizwa za mvua. Kitanda kiko chumbani, nyuma ya pazia. Kitanda hakikai mlangoni! Kwa hiyo websaiti yangu itakuwa na ukurasa wa Uani, ukurasa wa Sebuleni, ukurasa wa Jikoni, na nyuma kabisa ukurasa wa Chumbani, na huko ndiko vitanda vitakuwa vimetulia.

Wangeci aliweka kalamu chini akajisugua macho. Kazi yangu huwafanya watu hivyo.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimepiga picha na suti ya harusi ya mwanangu Boaz, na kofia. Wangeci alitaka ndogo. Nikasema kubwa, na iizidi ile ya kitanda cha baba yake mara kumi.

Ikiingia kwenye komputa inaanza kofia, polepole, kama mtu anayepanda kutoka kisimani. Wangeci anasema mgeni atachoka kabla ya kufika kwenye macho. Mzee hatoki nje mbio. Mzee anatokea.

Neno KARIBU linawaka na kuzimika, jekundu juu ya kijani. Nilitaka yote yawake na kuzimika lakini amesema kichwa kinamuuma.

Nimempelekea meza. Kazi safi. Miguu nimeichonga tembo wanne, masikio wazi, mikonga inakutana katikati. Alipoketi, magoti hayakuingia, yaligonga mikonga. Ikabidi akae upande kama mwanamke juu ya baiskeli. Aliuliza kama naweza kukata mikonga kidogo. Tembo bila mkonga ni nguruwe. Nikamwambia meza si ya magoti, meza ni ya kutazamwa.

Namba ya simu imewekwa ya kwake, kwa sababu sina simu. Iko Jikoni.

Jumapili, 8 Agosti

Baada ya kanisa nikampeleka Nasike Kawangware akaone mume wake ndani ya komputa. Kuna kidude chini kinachohesabu wageni. Tayari kimehesabu wengi! Wangeci akasema wote ni mimi na yeye. Nikamwambia hata shamba hutembelewa kwanza na mwenyewe.

Kisha akaleta ujanja mpya. Ati tumpe Nasike ajaribu, tukae kimya, tumwone akitafuta kitanda. Nasike akakaa, na yeye kwa upande kwa ajili ya tembo. Akangoja kofia. Akangoja pua. Akaingia Uani, akasoma ng'ombe. Akarudi mlangoni. Akabonyeza kofia, hakuna kitu. Akaingia Uani tena, ng'ombe wale wale. Akabonyeza kaburi la baba mkwe, akaomba msamaha.

Akanigeukia. "Baba Boaz, nimelala kwa kitanda chako tangu niolewe. Leo ndiyo siku ya kwanza kimenishinda kukipata."

Wangeci alitoka nje kidogo. Nilisikia akikohoa.

Nikaeleza kwamba Nasike si mgeni, ni mwenyeji, na mwenyeji hatafuti vitu kwake. Jaribio halikufaa. Ishmael alikuwa dirishani muda wote akijifanya anapaka rangi.

Jumanne, 10 Agosti

Imenasa!

Mildred ameona. Alimsimulia Nasike mwenyewe akichagua nyanya, bila kujua anamsimulia nani. Ofisini waligawana: mmoja alitazama ya Ishmael, yeye akatazama yangu. Kofia ilikuja polepole hata akaenda kuchemsha chai, na akirudi bado hajaona mdomo. Vitanda hakuviona. Lakini amependa ukaribisho. Ati mzee anayekumbuka ng'ombe wake kwa majina hawezi kupiga kitanda kibaya. Na njia imeelekezwa vizuri, hata mtoto hawezi kupotea. Ana harusi Kitale Jumamosi, na safari hiyo hiyo atapita karakana ajionee.

Nasike akasema alitaka kufungua mdomo pale pale, ila nilimkataza. Nikamsifu. Akauliza ni njia gani hiyo iliyoelekezwa, na Kitale inaingiaje. Nikamwambia watu wa maana huwa na harusi, asiniharibie siku.

Agosti haitaisha vibaya. Nimemwandikia Wanzala kichwani barua ndefu ya kumringia.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimefagia maranda yote. Nimevaa suti ile ile na kofia ile ile, ili mgeni asitatizike. Soda mbili baridi. Kitanda bora kabisa nimekiweka ndani, nyuma ya pazia, ili tufikie taratibu.

Kutoka mlangoni kwangu naona madirisha ya Nyayo Highrise. Nimeyakodolea macho mchana kutwa. Labda hilo lenye pazia la maua ni lake. Halikufunguka.

Jioni. Hajaja. Harusi za Kitale ni ndefu. Nimekunywa soda moja. Nasike amekunywa ya mgeni.

Jumatatu, 16 Agosti

Wangeci amekuja mpaka Silanga kwa miguu. Nilijua kuna jambo, maana hakupiga hodi, alisimama tu.

Wanzala amempigia simu. Kwa ile namba ya Jikoni, ameachiwa na Mildred.

Jumamosi Mildred, akiwa njiani kwenda Kitale, alishuka Misikhu. Aliacha kanisa mkono wa kushoto. Akaona lango la buluu, kaburi, ng'ombe wote, akawaita kwa majina. Akauliza kwa Murunga. Wanzala naye ni Murunga, jina la baba ni letu sote. Akakaribishwa uani, akakaa sebuleni, akachinjiwa kuku, akaulizwa za mvua. Alivyoshiba akampa Wanzala kazi yote. Vitanda vyote. Vitapigwa Misikhu na kupakiwa kwenye lori mpaka Kawangware, kwenye hosteli iliyo nyumba ya pili kutoka kwa Ishmael.

Kazi imemzidi Wanzala. Ametuma neno: ndugu yangu mkubwa aje anisaidie kupiga misumari.

Wangeci hakucheka. Afadhali angecheka. Aliketi kwenye kile kitanda bora, akakipapasa ubao, akajitikisa. Hakikulia.

Akasema, "Hiki ni kizuri kuliko vya baba. Mzee, ungeandika Silanga tu."

Jioni Nasike akaleta ya langoni. Mildred amemsimulia safari yote, kuku na lango, Nasike akashindwa kunyamaza, akamwonyesha kwa kidole paa letu. Mildred alilitazama muda. Ati analiona kila asubuhi akipiga mswaki. Angejua. Lakini neno ameshampa Wanzala, na kuku wa watu ameshamla.

Nasike ametoa masanduku chini ya kitanda. Anakunja nguo. Sijamwambia aache.

Jumanne, 17 Agosti

Sikulala, nilikuwa nafikiri, na sasa kila kitu kiko wazi.

Nani alisema siku ya kwanza kabisa kwamba Webu saiti iko Webuye? Mimi. Nani alicheka mpaka akashika msumeno wa watu? Ishmael. Na kazi imeangukia wapi? Basi. Yeye na komputa yake na binti yake, wote hawakujua saiti yenyewe iko upande gani. Mimi nilijua bila kusoma.

Kwa hiyo leo nasafiri kwenda kukagua saiti yangu. Wanzala ameanza kabla sijafika, kama naibu anavyotakiwa. Kama nitashika nyundo, ni kwa kumwonyesha. Nasike atanifuata mwezi ukiisha, na nimemwambia atangaze hivyo pale langoni. Amesema atatangaza, pamoja na sukuma.

Asubuhi nilipitia kwa Wangeci kumwachia maagizo ya websaiti. Alikuwa amekaa upande, maskini, tembo wote wanne wazima. Picha iwe kubwa zaidi, na ng'ombe mmoja aingie. KARIBU iwake upesi zaidi. Kaburi la baba lisibonyezwe.

Na vitanda avisogeze nyuma chumba kimoja zaidi. Huyu Mildred alibakisha kidogo tu avione.