Swali Langu la Tohara Lilivyotoka Nje ya Pazia

Leo nimeaibika, ndugu zangu wa sauti ya besi. Nimeaibika mpaka masikio yanawaka.

Kwanza niungame. Ile homa iliyonikosesha mazoezi ya kwaya wiki iliyopita haikuwa homa. Nilikwenda Lilongwe kutahiriwa. (Ndiyo, kwa umri huu.) Mwaka wa jando letu kule Fizi, vita vilifika kabla ya ngariba. Nikakimbilia Kigoma, nikahangaika kambi hadi kambi, nikafika kambi yetu hii ya Dzaleka na ngozi yangu yote. Mnajua tunavyowacheka wasiotahiriwa. Mimi nilikuwa nacheka kuliko wote, halafu naenda kuoga peke yangu.

Sasa jana nikajitazama vizuri. Mungu wangu! Kitu kimevimba, kimefupika, kichwa kiko nje kinasuguana na suruali. Natembea kama bata. Mke wangu naye akatazama, akarudi kusonga ugali. (Kusonga kule kuliniuma kuliko sindano.)

Asubuhi nikarudi kliniki. Chichewa changu ni cha kununua nyanya, huko hakifiki. Siku ya kukatwa alikuwepo mkalimani Mrundi asiyenijua. Leo pazia likafunguliwa, akaingia nani kutafsiri? Mama Furaha! Yule yule anayetuimbishia soprano!

"Papa Zawadi! Ni weye?"

"Ni mi, mama."

"Haya, mi nageukia ukuta. Sema shida."

Nikanong'ona: "Muulize daktari kama imepunguka. Kama itabaki hivi."

Mimi nilinong'ona kwa Kiswahili. Yeye akatafsiri kwa Chichewa, kwa sauti ile ile ya Jumapili, na vidole viwili juu vikionyesha: kutoka hapa mpaka hapa! Nje ya pazia kuna benchi la wanaume wa mitaa ya Chinsapo na Area 23. Chichewa ndiyo lugha yao. Benchi zima likalipuka!

"Pepani, achimwene!" mmoja akanipa pole ya kindugu.

Daktari hakucheka. (Alijikaza, niliona mabega.) Akaeleza, Mama akatafsiri: kilichokatwa ni ngozi ya juu tu, urefu hakuna aliyeugusa. Uvimbe ndio unaodanganya macho, nao utashuka. Kichwa kitakauka kidogo, kizoee nguo. Na wiki sita mke asiguswe.

Nikasema "Asante Yesu!" kwa nguvu, mpaka benchi likaitikia "Ameni!"

Nje nikamshika Mama Furaha mkono. "Mama, nakuomba, kule kambini basijue."

"Papa, tulia. Bantu ba besi, karibu bote, mi njo nilibatafsiria hapa. Na bote baliuliza ile swali yako."

"Bote?"

"Bote. Majina usiniulize."

Nimerudi nyumbani nikitembea kama bata mwenye furaha.

Kwa hiyo msinicheke. Hasa wewe uliyeimba umekaa Pasaka nzima ukasema ni mgongo.