Viti Sita vya Kliniki

Kwa furaha isiyo na kifani, Bodi ya Usanifu wa Ndani ya Wilaya ya Pickett inautangazia umma wa Kusini mwa Marekani kwamba kuanzia sasa hakuna kiti kitakachokaliwa katika jengo la umma kama hakikuwekwa na mkono uliofaulu mtihani na kupewa leseni. Atakayekalia kiti haramu atasimamishwa papo hapo.

Kanuni hiyo niliiandika mwenyewe, mimi Delbert Pruitt, katibu. Tena kwa kalamu nzuri.

Taaluma yetu ina historia tukufu. Ilianzishwa na akina mama waliong'oa mapazia mazito ya mahameli, wakasogeza makabati, wakaingiza jua sebuleni. Picha yao imetundikwa ukumbini. Kwa kuwa hawakuwa na leseni, majina yao chini ya picha tumeyaziba kwa karatasi. Wajumbe watano na mimi tulijisamehe mtihani, maana sisi ndio tulioutunga.

Alhamisi tulimshitaki Verlene Crisp, mama wa mtoto mmoja, mwanafunzi wa masomo ya jioni. Kosa: kupanga chumba cha kusubiria cha kliniki ya watoto bila leseni. Mtihani alishafaulu, ila leseni yake ilikuwa mezani kwangu ikingoja hukumu. Akishindwa, naichana. Ushahidi uliletwa: viti sita vyekundu, kimo cha ndoo.

"Haya, mama," alianza Mwenyekiti, Bi. Hortense Calloway. "Nani alikutuma usogeze viti?"

"Watoto walikuwa wanatazama ukuta, bibi, wanalia. Nikavigeuzia dirishani."

"Wakanyamaza?"

"Kimya kabisa."

"Andika, Delbert. Amekiri."

Verlene akatazama huku na huku. "Samahani, bibi. Hivi viti vya humu ukumbini alivipanga nani?"

Mlangoni, mfagiaji wetu mzee Amos Tuttle akainua ufagio. "Mimi, binti yangu! Kila asubuhi, nikishapiga deki."

"Una leseni, mzee?" Verlene akamuuliza.

"Nina mgongo mbovu tu!"

Watu wakaangua kicheko. Nikaisoma kanuni yangu kwa sauti, mara mbili, nikitafuta mwanya. Haukuwepo. Tukasimama wote.

Baada ya saa nzima Bi. Calloway akaninong'oneza, "Delbert, viatu vinaniua. Humu ndani nani amefaulu mtihani?"

"Mshitakiwa, mheshimiwa."

"Sasa unangoja nini? Mpe leseni yake!"

Verlene akaipokea kwa mikono miwili, akaibusu, akakunja mikono ya blauzi. Viti vyetu vya ngozi akawapangia akina mama waliokuja na watoto wao kumtetea.

"Na sisi je?" akauliza Mwenyekiti.

"Ninyi, bibi, nimewawekea dirishani."

Kumbukumbu hizi naziandikia kwenye kiti chekundu, magoti yakinigonga kidevu. Karatasi kwenye picha imebanduka. Aliyeibandua hajulikani, ila mzee Amos anachekacheka. Bi. Calloway yuko kushoto kwangu, amekaa kama kuku anayeatamia. Ni wajibu wangu kuthibitisha rasmi kwamba mwanga ni mzuri sana, na hakuna mjumbe anayelia.