Hakuna Sauti Haramu

Jumatatu, 4 Machi 1974

Fedheha! Thelma, mwandaaji na mpiga piano wetu, ametundika ratiba ya tamasha la Jumamosi kwenye mlango wa kanisa tunamopigia muziki wetu, huku kusini mwa Manhattan. Mimi nafungua. Ansel Voorhees anafunga! Kufungua ni kuwapigia watu wanaovua makoti. Na mmoja kati yetu wawili ndiye Thelma atakayempa jioni nzima ya Oktoba, peke yake. Nina miaka hamsini na miwili. Sijawahi kupewa jioni nzima, hata ya mvua.

Huyo Voorhees huchomeka skrubu na vijiko kati ya nyuzi za piano. Ati uvumbuzi! Sisi tulichomeka skrubu yeye akiwa bado ananyonya.

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia Thelma simu. Nimemweleza kwamba tungo yangu ni noti nne tu, laini mno, haistahimili makoti. Akasema, "Wendell mpenzi, si wewe uliyeandika kwamba hakuna sauti haramu? Basi na koti ni sauti." Ni kweli niliandika. Kijitabu kizima, na ndani yake nikawatukana wakosoaji wote wa mji huu. Lakini sikuwa na maana ya makoti!

Alhamisi, 7 Machi

Nimemkuta Voorhees duka la vyuma, anabonyezabonyeza skrubu kama mtu anayechagua nyanya. Kaniita babu. Kaniuliza kama noti zangu nne zote zingali hai, au nimeshazika moja. Nimecheka kiungwana. Nimetoka bila kununua misumari niliyoifuata.

Jumamosi, 9 Machi, alasiri

Mpango! Nimeichukua saa yangu ya mezani, ile ya kengele mbili, inayoweza kumwamsha maiti. Nimeifunga kwa kamba chini ya piano ya kanisa. Thelma akauliza nafanya nini sakafuni. Nikasema nasikiliza mbao. Akaniacha, akitembea kwa ncha za vidole. Nimeitega saa tatu usiku, Voorhees akiwa katikati ya vijiko vyake. Kwisha habari yake!

Jumapili, 10 Machi

Nimeamka saa saba mchana. Sina saa.

Jana watu walipokwisha kukaa, Thelma alitangaza kwamba ameheshimu malalamiko yangu: Voorhees afungue, mimi nifunge. Furaha! Nilimkumbatia mpaka miwani yake ikapinda. Saa niliisahau kabisa.

Voorhees akapiga vijiko vyake, watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha Thelma akakaa kupiga noti zangu nne, laini kama vumbi. Ukumbi kimya. Hata Voorhees amefumba macho. Ndipo kengele zikalipuka!

Thelma hakuinua mkono kwenye piano. Aliendelea chini ya kelele ile, polepole, hadi saa ikaishiwa nguvu, na noti zangu zikabaki peke yazo hewani. Mama mmoja safu ya mbele alikuwa analia. Watu wakasimama, wakashangilia.

Nami nikasimama. Nikapiga ukelele kwamba hiyo si yangu! Hujuma! Saa ni ya Voorhees, kaitega yeye!

Thelma akamgeukia, akamuuliza kama ni kweli. Voorhees akanitazama mimi, akawatazama waliosimama. "Babu hasemi uongo," akasema, akainama kupokea makofi. Thelma akampa Oktoba palepale.

Sielewi. Saa yangu, noti zangu, mpango wangu. Oktoba ya Voorhees.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwenda kwa Voorhees kudai saa. Kagoma. Eti nilimkabidhi mbele ya mashahidi, na sasa ni ala yake. Akanishukuru kwa ukarimu. Mnafiki!

Nimerudi kwa kupitia mtaa wa Wachina, kwa Bwana Lum, anayeuza kuku hai. Nina haja ya kitu cha kuniamsha asubuhi. Tena pale kanisani kuna kabati tupu nyuma ya piano, na Oktoba i njiani. Nimemuuliza kama jogoo wake mwekundu anaweza kuwika saa tatu usiku. Akasema jogoo huwika apendapo, na kwamba mimi ni mteja wa kwanza kuuliza saa badala ya uzito.

Nimemchukua. Wanasema jogoo wa shamba hawiki mjini. Huyu atawika. Mazoezi yameanza leo. Mpaka sasa anawika kila ninapogusa piano, na noti ya tatu anaipatia kuliko Thelma.