Risasi ya Shaba na Mguu wa Nyati

Jumanne, 4 Juni 1991. Koboko.

Nyati amevuka tena kutoka upande wa Zaire. Amekanyaga mihogo ya watu, amewafukuza wanawake kisimani, na jana alilala katikati ya shamba la mtu kama mgeni aliyealikwa. Chifu wa gombolola, yaani wa kata yetu, ametoa ruhusa: wenye magobore watoke wamuue.

Nina gobore. La marehemu baba. Hupiga, likipenda.

Sheria ya wawindaji hapa kwetu ni moja. Mwenye risasi iliyomwangusha mnyama hupewa mguu wa nyuma na ngozi. Wengine hugawana kilichobaki.

Mguu huo nautaka kuliko kitu chochote duniani. Mke wangu, Rehemah, amerudi kwa wazazi wake tangu nilipobadilisha godoro letu kwa mizinga ya nyuki. (Nyuki hawakuja. Si kosa langu.) Baba yake, Mzee Fadhul, askari mstaafu, amesema atamrudisha siku nitakapofika mlangoni kwake na kitu nilichokipata kwa mkono wangu mwenyewe. Nyumba bila Rehemah ni baridi, na ukweli ni kwamba hata kelele zake nazitamani.

Mguu wa nyati ni kitu. Tena kikubwa.

Alhamisi, 6 Juni.

Tatizo ni Anguyo. Mtu wa Aroi, alioa huku, anajiona ndiye aliyeumba pori. Mwaka jana tulimpiga kongoni sote kwa pamoja. Alipopasuliwa, ikatoka risasi ya risasi, yaani ya madini ya risasi, ambayo sote tunayeyusha kutoka betri kuukuu za magari. Ya nani? Hakuna aliyejua. Anguyo akapaza sauti kuliko wote, akapewa mguu.

Nimewaza mchana kutwa. Nikakumbuka mpishi mmoja kule Arua Hill aliyewahi kunionyesha risasi ya Mzungu mwindaji: shaba nyekundu tupu, haina risasi ndani hata chembe. Alisema haivunjiki ndani ya nyama.

Mimi sikujali kuvunjika. Niliona rangi. Risasi nyekundu ikitoka ndani ya nyati, nani atabisha?

Inabaki kupata shaba.

Ijumaa, 7 Juni.

Baada ya swala nilikwenda kuwasalimu wakwe. Kwa heshima zetu, mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Kwa hiyo niliinamisha macho, na macho yakaangukia mkono wa mama mkwe, Mama Medina. Bangili. Ya shaba nyekundu, nene, ina mistari ya kuchongwa. Huivaa kwa ajili ya baridi yabisi.

Adabu njema ina malipo yake.

Nikamwambia Rehemah amwambie mama yake kwamba Silvester mhunzi siku hizi anajua kuchemsha bangili za namna hiyo na mizizi ili dawa iongezeke. Rehemah aliniangalia kwa muda. Mama mkwe akaivua mwenyewe. Maumivu yalimsumbua usiku, maskini.

Nitamnunulia nyingine. Nzuri zaidi.

Jumamosi, 8 Juni.

Silvester ameikata na kuichonga. Zimetoka risasi chache za kutosha. Nilimwambia bangili ni yangu.

Fundi huyu ana mdomo. Akasema risasi ya betri ni laini, ikigonga mfupa inatanuka na mnyama anabaki hapohapo. Shaba ni ngumu na nyepesi, na katika gobore lililolegea kama langu itakwenda inakotaka. Akasema nikaribie sana kabla ya kufyatua. Nikamjibu kwamba mimi naye tuna sababu tofauti za kuwinda. Akasema yeye hawindi kabisa. Nikamwacha.

Jumatatu, 10 Juni.

Siku ya ushindi.

Mbele ya chifu na wawindaji wote nilitoa risasi zangu, nikazipitisha mkono kwa mkono. Nikaeleza kwamba risasi za betri huacha vipande ndani ya nyama na watoto huvitafuna. Anguyo akasema yeye amekula nyama hiyo tangu utotoni na meno yake yote yapo. Akafungua mdomo watu wakahesabu. Watu wa hapa hawana haya.

Ndipo nikaomba iwe sheria: anayetaka kudai mnyama, aonyeshe risasi. Kelele zisihesabiwe. Chifu akapenda. Akatangaza kwamba mwenye risasi ndiye mwenye mnyama, na atakayebisha atatozwa mbuzi.

Nililala vizuri mchana.

Mama mkwe ametuma kuuliza bangili. Nimejibu dawa bado inaingia.

Jumatano, 12 Juni.

Tumetoka alfajiri kuelekea mto Kochi. Ukungu mzito. Wapiga ngoma upande wa chini, sisi upande wa juu, kila mmoja mahali pake kwenye mihogo.

Ngoma zikaanza. Nikangoja. Nikamfikiria Rehemah akinifungulia mlango.

Mara mgongo mweusi. Mkubwa. Unasukuma mihogo kuja kwangu.

Nikasema Bismillahi ili nyama iwe halali. Nikafyatua. Gobore likapenda! Mnyama akaguna, akaanguka magoti. Sikungoja, maana nyati aliyejeruhiwa hana mazungumzo. Nikakimbia. Nyuma yangu nikasikia bunduki nyingine, mbali kidogo, halafu vigelegele.

Nimeoga. Nimevaa kanzu nyeupe. Nangoja kuitwa.

Jioni, siku hiyohiyo.

Nimeitwa.

Nyati alikuwa amelala uwanjani kwa chifu. Walipompasua ikatoka risasi ya betri, imebapatika kama chapati. Ya Anguyo, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyempiga. Nikauliza ya kwangu iko wapi. Nikawaomba watafute vizuri, hata kwenye matumbo.

Ndipo akaja Mzee Fadhul. Polepole, ana kisu chenye damu. Ngoma zilikuwa zimemtisha dume lake jeusi la ng'ombe, lile analolinenepesha kwa ajili ya Idi, likakata kamba. Amelikuta limeanguka kwenye mihogo, akawahi kulichinja kabla halijafa. Akafungua kiganja. Ndani yake kitu chekundu alichokichokoa kwenye jeraha.

Nikasema shaba ni madini ya kawaida, mtu yeyote anaweza kuwa nayo.

Chifu akasema: "Yakani, ni wewe mwenyewe ulisema risasi itasema. Sasa imesema. Dume iko yako. Basi leta ingine ya Mzee."

Nikafungua mdomo kubisha, nikakumbuka mbuzi.

Mama mkwe alikuwa amefuata nyuma ya mumewe. Akaichukua ile risasi, akaigeuza. Mistari ya kuchonga bado ilionekana upande mmoja. Sikuweza kumtazama usoni, na kwa mara ya kwanza nilishukuru heshima zetu.

"Hii iko bangili yangu," akasema taratibu.

Rehemah alikuwa kando yake. Akaushika mkono wa mama yake usio na bangili, na hilo liliniuma kuliko yote.

Jumapili, 16 Juni.

Nimehamia kwa wakwe. Nitalima mashamba ya Mzee Fadhul mpaka thamani ya dume itimie, na jembe nimepewa kubwa. Rehemah huniletea uji, anauweka chini, anaondoka. Lakini leo aliweka na chumvi. Nimeona dalili.

Nimetafakari sana. Kosa nimeligundua. Si gobore, wala si mimi. Kosa ni shaba. Shaba ina uso, kila mtu anaitambua. Risasi ya betri haina uso, haimsemi mtu. Anguyo alijua siku zote, mjanja yule.

Na jana nyati mwingine ameonekana ng'ambo ya mto.

Nyumbani kwa Mzee Fadhul kuna betri ya gari, ile anayosikilizia redio. Nzito, imejaa risasi tele. Nimemwambia Rehemah amwambie baba yake kwamba betri imechoka, Silvester anajua kuiongezea nguvu.

Baadaye nimemwona akiibeba kwa mikono miwili kuipeleka chumbani kwa mama yake. Bila shaka ananitunzia isiibwe.